Meno ya Mama Mkwe Yapanda Jukwaani

Tulipoachana wiki iliyopita, mlinzi wa getini alikuwa ameshika meno ya mama mkwe wangu kwa vidole viwili na ananiuliza ni ya nani.

Kabla sijamjibu, niwakumbushe wale mnaosoma gazeti la jirani na kulirudisha kabla hajaamka. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Siyo daktari. Daktari anang'oa, mimi natengeneza ya kujaza pengo. Tena ni mgonjwa wa muziki wa roki, ugonjwa ambao mchumba wangu aliukubali kwa sharti moja: mwaka mzima niende kila shoo ninayoitaka, mwaka ukiisha nioe na nitulie.

Mwaka wenyewe mmeusoma hapahapa. Shoo ya kwanza nilirudi na kiatu kimoja. Nyingine nilipigwa kiwiko na dada aliyekuwa anaruka kwa furaha, jino likanitoka, ikabidi nijitengenezee lingine mwenyewe. Ile ya mvua, bosi aliniona kwenye televisheni nikiwa nimevua shati, siku niliyomwambia nimelazwa. Mchumba wangu alivumilia yote. Mama yake hakuvumilia hata moja.

Mama mkwe wangu mtarajiwa hataki kusikia roki. Redioni gitaa likianza kulia, anaizima kama anaua mende. Kwa nini, hajawahi kusema. Nilipopeleka maneno ya kumwoa binti yake, alinijibu kwa mkato: yeye ni kibogoyo, hawezi kukaa mbele ya wakwe akiwa na fizi tupu, na asipokaa yeye hakuna kikao, maana binti hana mzazi mwingine.

Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikamwambia, "Mama, hayo meno niachie mimi."

Nikayatengeneza. Na akanipa sharti: nimwekee mwanya mbele, juu, palepale ulipokuwa usichanani kwake. Karakana nzima ilinicheka. Bosi akasema, "Watu wanakuja kuziba, wewe unafungua." Lakini ule mwanya niliuchonga kwa mapenzi, nikijua nachonga ndoa yangu.

Jumamosi jioni nilitakiwa nimpelekee, nimjaribishe, nikwangue panapobana. Jumapili ndiyo kikao. Sasa Jumamosi hiyohiyo mchana palikuwa na shoo ya mwisho ya mwaka wangu, na anayepiga ni Shoti.

Kama humjui Shoti, pole. Ni mzee mwenye nywele ndefu kama mganga, na akipiga gitaa unasikia mifupa inakuitikia. Alikuwa hajapanda jukwaani miaka mingi. Uwanja wenyewe uko njiani kwenda kwa mama mkwe. Ningefanyaje? Nilifunga karakana, nikatia meno kwenye kopo lenye maji, kopo nikalitia kwenye mkoba wa kazi, nikaenda kumsikiliza Shoti.

Basi, turudi getini.

"Ni ya mama mkwe wangu," nikamwambia mlinzi.

"Yeye yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Bila meno?"

"Bila meno."

Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta kosa langu limeandikwa kwenye sheria gani. "Meno yanaingia," akasema. "Maji hayaingii."

"Yakikauka yanaweza kupinda, kaka."

"Basi yaweke mdomoni."

"Mdomoni mna yangu."

Akayamwaga maji palepale, tena kwa madaha. Nikaloweka leso kwa tone lililobaki, nikayafunga meno humo, nikayarudisha koponi. Nilipokuwa naingia akanigonga begani na kuniambia nimpe mama pole.

Ndani watu walikuwa wamejaa pomoni. Wapiga vyombo wamepanda, dramu zinajaribiwa, lakini Shoti haonekani. Tukasubiri. Tukaimba nyimbo zake sisi wenyewe, vibaya. Tukasubiri tena. Wakaanza wale wa nyuma kupiga miluzi, halafu chupa ya kwanza ikarushwa jukwaani, halafu ya pili. Mtu aliyenunua tiketi hana subira ya mtakatifu.

Hapo mtangazaji akatoka, anafuta jasho. "Ndugu zangu, msirushe vitu. Naomba kuuliza. Je, kuna daktari wa meno hapa?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mkono wangu ulipanda juu kabla sijaushauri.

Sikio la kufa halisikii dawa. Mama yangu alinieleza hivyo tangu utotoni, na wakati wananivusha uzio na kunipeleka nyuma ya jukwaa, nilimkumbuka kabisa. Sikurudi.

Wakaniingiza kwenye chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo. Vigae vyeupe, benchi ndefu, harufu ya dawa ya misuli. Shoti mwenyewe ameketi katikati, taulo limemziba mdomo. Pembeni amesimama meneja wake, mama mmoja mwenye simu mbili na uso wa mtu aliyekwisha kuzichoka zote mbili. Na kwenye kona mpiga besi, kidole chake kimeganda kwenye kipande cha ufizi wa plastiki.

"Daktari, tusaidie," meneja akasema.

"Mimi ni fundi," nikasema. "Nini kimetokea?"

"Aliyatoa ili anywe chai. Mtu wa taa akayakanyaga. Huyu mwenye akili nyingi akayaunga kwa gundi ya viatu."

"Nilitaka kusaidia," mpiga besi akasema.

Nikaviangalia vile vipande. Wenzangu wa karakana watanielewa: meno yakivunjika safi, unayaunga. Ukiyapaka gundi ya viatu, umeyazika. Kingo zilikuwa zimevimba, havikai pamoja tena, na meno mawili ya mbele hayakuonekana. Baadaye tuliyakuta kwenye soli ya mtu wa taa.

"Haya hayafai," nikasema. "Nipeni siku chache."

Shoti akashusha taulo. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mnayemhusudu akiwa na mdomo uliobonyea kama mfuko mtupu. Iliniuma moyoni. Akaniambia, polepole, midomo ikifyonza kila neno, "Mwanangu, nimesubiri siku hii miaka. Siwezi kuimba hivi. Watanicheka mpaka kaburini."

Nje wakaanza kupiga miguu chini. Vigae vikatetemeka.

Na mimi mkobani nina safu nzima ya juu, mpya, imeng'arishwa. Na vifaa? Ninavyo. Patasi ndogo, tupa, na ile dawa laini ya waridi tunayotandaza kwa ndani ili meno yashike ufizi. Vyote nilivibeba kwa ajili ya mama mkwe.

Wasomaji, msinitukane bado. Nilifikiri. Nilimfikiria mchumba wangu, aliyeosha matope ya shoo zangu mwaka mzima bila kununa. Nilikifikiria kikao. Nilimfikiria mama mkwe ameketi nyumbani ananisubiri. Kisha nikajiambia, hii dawa laini inabanduka. Nitampa Shoti aimbe, akishuka nayachukua, nayasafisha, natandaza upya, jioni yako kwa mwenyewe. Ni kuazima tu. Nani atajua?

"Nitakupa meno," nikamwambia. "Lakini si yangu, wala si yako. Ukishuka jukwaani, unanirudishia mkononi."

Akaweka mkono kifuani kama anaapa mahakamani.

Nikamjaribisha. Yakagoma. Mama mkwe ana taya pana kwa nyuma, Shoti ni mwembamba. Dawa laini peke yake isingetosha. Na hapa ndipo naomba mnisamehe, maana dawa inabanduka lakini kilichokwanguliwa hakirudi. Nilikaa na ile tupa mkononi, nje uwanja unanguruma jina lake. Maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nikakwangua. Kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena. Unga wa waridi ukaniangukia magotini na mimi nikaendelea.

Nikatandaza dawa, nikamwambia aume, ashikilie. Alipoachia, yalikuwa yamekaa. Meno mazuri jamani. Sijawahi kutengeneza mazuri zaidi.

Shoti akapitisha ulimi mbele. Akasimama. Akaupitisha tena.

"Kuna mwanya," akasema.

"Mwenyewe ndiye aliyeutaka."

"Mwenyewe nani?"

"Mama mkwe wangu."

Akaniangalia kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa. Nilidhani amekasirika kuvishwa meno ya kikongwe. Alichukua gitaa, akatoka.

Nisiwachoshe kuwaeleza shoo. Waliokuwapo wanajua, ambao hawakuwapo wajute. Nilisimama pembeni ya jukwaa, karibu kiasi cha kuona jasho la mshipa wa shingo yake, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, naisema bila kuficha. Kila akimaliza wimbo anatabasamu, na kila akitabasamu ule mwanya unaonekana kwenye kioo kikubwa cha jukwaani, mpana kama mlango wa duka. Wasichana walipiga kelele. Nikajisemea, hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mchumba wangu.

"Uko wapi?"

"Kwenye shoo. Si ulijua?"

"Meno ya mama yako wapi?"

Nikatazama jukwaani. "Yapo."

"Yapo wapi?"

"Yapo salama. Hayajapotea."

"Mimi naangalia televisheni," akasema. "Nilikuwa nakutafuta kwenye watu, nikuone umevua shati au bado. Wewe sikukuona. Ila kuna mzee anacheka hapa."

Za mwizi arobaini.

"Na mama ameona?" nikauliza.

"Amekaa hapa pembeni yangu."

"Anasemaje?"

"Hilo ndilo linanitisha," akasema. "Hajalaani hata mara moja. Nilitaka kuzima, akanishika mkono. Akaniambia niongeze sauti."

"Uongeze nini?"

"Sauti, wewe. Ya roki. Mama. Sasa yuko chumbani anavaa. Tunakuja."

Simu ikakatika. Niliwaza kukimbia. Lakini meno yangu, yaani ya mama mkwe, yalikuwa katikati ya wimbo.

Bendi iliposhuka, watu hawakuondoka. Walikuwa wanaudai wimbo mmoja uliobaki, ule anaofungia shoo, ule ambao mimi mwaka mzima nimeuota. Shoti akaingia chumbani apumue, akaketi benchini, nami nikanyoosha mkono.

"Bado mmoja," akasema.

"Mzee, meno yanakuja kudaiwa."

Kabla hajanijibu, mlango ukafunguliwa. Aliyeufungua ni yule mlinzi wa getini. "Mwenye meno huyu hapa," akatangaza, na kusogea kando kwa adabu.

Mama mkwe wangu akaingia, binti yake nyuma. Mwanamke huyu nyumbani kwake haongei bila ncha ya mtandio mdomoni. Hapa mtandio uko begani, mdomo wazi, fizi tupu, hana habari na mtu. Nikaanza, "Mama, naomba nieleze—"

"Wewe subiri," akasema. Hakunitazama hata.

Akaenda kusimama mbele ya Shoti. Shoti akainuka polepole, kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

"Hayo ni meno yangu," mama akasema.

"Najua," Shoti akasema. "Nimeujua huo mwanya tangu humu ndani. Ulimi haujasahau."

"Nyamaza. Kuna watoto hapa."

Mtoto mwenyewe ni mchumba wangu, anayeolewa. Alikuwa anamwangalia huyu, anamwangalia yule. Mimi nilikuwa naangalia sakafu.

"Uliniambia unaenda kupiga shoo moja," mama akasema. "Kesho yake unarudi."

"Nilichelewa."

"Binti yako anaolewa. Hapo umechelewa kwelikweli."

Meneja alizitia simu zake mfukoni, akatoka nje.

Mchumba wangu akakaa benchini bila kuangalia kama kuna benchi. "Mama, uliniambia baba alisafiri."

"Si alisafiri?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikamtazama Shoti, nikamtazama mchumba wangu, nikaona kidevu kilekile ambacho nimekibusu mwaka mzima kimeota ndevu za mvi. Machozi yalimtiririka Shoti wazi. Alipiga hatua moja kuelekea kwa binti yake, akasita, akabaki katikati ya chumba na mikono yake mirefu haijui pa kwenda.

"Sijaja kulia," mama akasema, ingawa na yeye alikuwa analia. "Kesho kuna kikao cha wakwe. Mimi meno yangu yameshakwanguliwa, naona huo unga hapo chini, sijawa kipofu. Siwezi kusema mbele za watu. Basi ile ndiyo ya mzazi utaisema wewe. Deni lako la miaka yote ni hilo neno moja."

Hapo, ndugu zangu, moyo wangu ulipasuka kwa raha. Mnanielewa? Shoti ni baba mkwe wangu. Nitakula meza moja na Shoti. Watoto wangu watamwita babu. Kama si heshima ya mama ningecheza pale pale.

Shoti akajifuta macho, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama baba. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," mama akasema.

"Fundi mzuri. Mikono mitulivu. Anampenda?"

"Anampenda," mchumba wangu akajibu mwenyewe. "Ila anapenda roki pia. Mwaka mzima amekuwa kwenye shoo. Leo ndiyo ya mwisho."

Uso wa Shoti ukabadilika. "Alisema ni ya mwisho?"

"Alisema."

"Basi simpi."

Nilidhani sikusikia vizuri, na masikio yangu baada ya mwaka huu si ya kuaminiwa. "Baba," nikasema, "mimi ni shabiki wako mkubwa kuliko wote."

"Ndiyo maana simpi. Mimi najua watu wa aina hii. Wanakuangalia machoni wanakuambia ni shoo moja tu, na wanaamini wenyewe wanachosema. Mama huyu aliniuliza, unabaki au unaenda? Nikasema ngoja nikapige wimbo mmoja. Huyu leo amempa mtu wa barabarani meno ya mkwe wake, siku moja kabla ya kikao, ili wimbo usikatike. Tofauti yake na mimi ni ipi?"

Nilitafuta tofauti. Sikuipata upesi.

Mama mkwe, ambaye mwaka mzima hakunitaka, akaitikia kwa kichwa. "Leo umesema kweli," akamwambia.

Meneja akachungulia. "Wanavunja viti. Unatoka au hutoki?"

Shoti akavaa mkanda wa gitaa begani. Akaja mpaka mbele yangu, tukasogeleana pua kwa pua. Alinong'ona, lakini wote walisikia, maana kila neno lilitoka safi.

"Naenda kuupiga ule wimbo. Wewe unaujua. Ukitoka kuja kuusikiliza, umenijibu, na kesho sitasema kitu. Ukibaki humu na binti yangu mpaka uishe, kesho nitasimama mbele ya watu wote niseme ndiyo."

Akatoka. Mama mkwe akamfuata. Mlango ukafungwa.

Tukabaki wawili, mimi na mchumba wangu, na vipande vya meno yaliyounganishwa kwa gundi. Alikuwa amempata baba na bado hajamshika hata mkono. Nilikaa karibu yake. Nikamshika bega. Nilitaka kumwambia maneno mazuri, na ninaapa nilikuwa nayo.

Gitaa likaanza. Lilipita kwenye ukuta, likapita kwenye vigae, likapita kwenye benchi. Uwanja mzima ukapokea.

Nilibaki nimekaa. Hilo mliandike. Sikuinuka. Nilimshika bega mchumba wangu vilevile, nikamtazama usoni. Ila yeye hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anautazama mguu wangu wa kulia, uliokuwa unagonga sakafu.

"Ni mguu tu," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nipo hapa."

Aliutoa mkono wangu begani kwake taratibu, akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua wazi, akasimama kando.